Mwanariadha mkongwe anakuja kwa vijana wa kanisa letu Kimara: tupangeje wamfaidi bila kumchosha?

Katibu_Vijana

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kupokea wageni wa aina hii.

Vijana wa usharika wetu, Kimara, wamemwomba mwanariadha wa zamani aje kukaa nao Jumapili mchana, na amekubali. Ni mzee wa zaidi ya miaka 70, alikimbia mbio za kati na ndefu kwa jezi ya taifa. Tangu aache mbio anazunguka kwa vijana na watoto, anaimba nao, anacheka nao, anawashuhudia imani yake. Jina nalihifadhi, familia haitaki tangazo litoke nje ya usharika. Wanaompenda ni wengi na wa dini zote. Tukitangaza ovyo ua wa kanisa hautatosha.

Hali ilivyo: tunatarajia watu 250 mpaka 300, karibu nusu watoto. Ukumbi umeezekwa bati, hauna dari, jukwaa lina ngazi nne. Tuna spika mbili na maiki mbili zisizo na waya. Kamati imepanga hivi: kuanza saa 7 mchana ibada ya pili ikiisha, utambulisho, risala, kwaya tatu, hotuba ya mgeni rasmi, picha na kila mtu, chakula, kufunga saa 12 jioni.

Naona kuna kitu hakijakaa sawa lakini sijui nianzie wapi. Picha tufanyeje? Na tumwandalie nini?

---

Mratibu wa Tandika

Hongereni kwa kumpata. Kasoro kubwa ya ratiba yenu iko kwenye maneno mawili: mgeni rasmi. Kwa desturi yetu mgeni rasmi husomewa risala, na risala huishia kwenye mahitaji: kinanda kibovu, sare za kwaya, bati la jengo. Ukimkalisha mzee kwenye kiti hicho umemtwisha deni mbele ya watu 300. Watu watamtazama mfukoni badala ya kumsikiliza, na yeye atakaa anawaza amechangia nini. Mwiteni "mgeni wetu". Risala ifutwe kabisa. Mnada wa baada ya ibada uishe kabla hajafika, na kama kuna mchango wa ujenzi, siku hiyo ulale.

Halafu hesabuni dakika. Ratiba yenu inamkalisha mzee saa tano, na ndani ya hizo anazungumza labda nusu saa. Utambulisho peke yake, mkitaja kila mwenyekiti wa kila kamati, unakula dakika 40. Mchungaji amtambulishe kwa sentensi tatu, basi. Diwani akitokea apewe dakika mbili kabla mzee hajaketi, kwa sababu akipewa baada yake ndiye atakayefunga shughuli.

Kwaya tatu ni nyingi. Iwepo moja na iimbe wimbo mmoja, halafu zifuate pambio ambazo mzee anazijua. Pigeni simu kwa familia wiki moja kabla, ulizeni pambio tatu anazozipenda, mpiga kinanda akazifanyie mazoezi. Mzee wa namna hii furaha yake haimo kwenye hotuba. Imo pale anapopiga makofi na watoto wakamjibu, na hapo ndipo mtu anashuhudiwa bila kuhubiriwa.

Picha na kila mtu: watu 300 kwa sekunde 20 ni dakika 100. Hakuna mzee wa kustahimili hilo. Wapangeni kumi kumi, yatatoka makundi 30, kila kundi sekunde 40, mmemaliza kwa dakika 20. Mzee anakaa kwenye kiti kivulini, nyuma yake benchi. Mhudumu mmoja anapanga kundi linalofuata upande wa kushoto, mwingine analitoa lililomaliza kwa kulia. Wanaoingia na wanaotoka wasipite njia moja, msongamano unaanzia hapo. Mpiga picha awe mmoja. Linaloharibu foleni ni mtu kusema "na kwenye simu yangu kidogo": ukimkubalia mmoja, wote 300 wana haki hiyohiyo. Watu hung'ang'ania simu zao kwa kuogopa picha hawatazipata, kwa hiyo tangazeni mapema kwamba zote zitawekwa kwenye grupu la WhatsApp la usharika usiku huohuo, na kweli ziwekwe. Waanze watoto na walimu wao, wafuate wazee, vijana mwisho.

---

Fundi Mitambo

Upande wa sauti, maana mzee asiposikika mengine yote ni bure.

Sauti ya mtu wa umri huo ni laini. Mkiipandisha kwenye mikisa (mashine ya kurekebisha sauti), spika zinapiga mluzi, kwa sababu maiki inaanza kusikia spika yake yenyewe. Dawa ni mpangilio: spika zikae mita mbili mbele ya mstari wa kiti cha mzee, zitazame watu, zipande kwenye stendi mpaka zipite vichwa vya waliokaa. Bati tupu lina mwangwi mkali. Sauti ya wastani iliyo karibu na watu inaeleweka kuliko sauti kubwa iliyo mbali.

Maiki ikae sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni. Wazee wakianza kucheka huishusha mpaka kifuani na maneno yanapotea, kwa hiyo wekeni stendi fupi mbele ya kiti, mikono yake ibaki huru. Betri ziwe mpya siku hiyohiyo; zilizotumika ibada mbili za asubuhi zitoeni hata kama taa ni ya kijani. Jumamosi washeni maiki zote mbili kwa pamoja. Moja ikikatakata pale mnapowasha ya pili, ziko kwenye masafa mamoja, badilisheni chaneli. Kwaya ikimaliza, maiki zake zote zifungwe kwenye mikisa, maana iliyoachwa wazi nayo inaleta mluzi.

Umeme: jenereta ya kVA 2.5 inabeba spika mbili za kawaida, mikisa na kinanda. Isifungwe birika wala friji humo. Iwasheni kwanza, iacheni dakika tatu itulie, ndipo mchomeke vifaa. Ikae nje, mita 15 hivi kutoka ukumbini, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu, na kamwe isiwe chini ya dirisha. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Mafuta yajazwe kabla, msimimine ikiwa ya moto.

Mteueni kabisa kijana mmoja mwenye sauti: umeme ukikatika mzee anaongea, yeye anaanzisha pambio hapohapo mpaka jenereta iwake. Ukimya ule wa watu kugeuka kutazama fundi unamvunja mzungumzaji.

---

Muuguzi Mbezi

Shikamooni wakubwa. Mimi naangalia mwili wa mzee.

Asipande jukwaa. Hata kama magoti yake ni mazima, ngazi nne bila kishikio mbele ya watu 300 wanaoshangilia ni mahali pa kujikwaa. Kiti kiwe chini, usawa mmoja na watu, watoto wakae mikekani kwa nusu duara mbele yake. Nao watamwona vizuri zaidi.

Kiti chenyewe kiwe na mikono, kigumu, sehemu ya kukalia iwe juu sentimita 45 mpaka 50. Makochi ya kuazima tunayoyapenda kwa sherehe yanazama. Mzee akizama humo hawezi kunyanyuka, watu wanamvuta mikono, bega linaumia. Asivutwe hata siku moja. Mpe mkono wako uliokaza, ashike mwenyewe, anyanyuke kwa nguvu zake.

Saa 7 mpaka saa 9 chini ya bati la Dar ndiyo saa mbaya kuliko zote. Anzeni saa 9:30. Watu wale saa 8, chakula kisingoje mwisho. Feni isimpige usoni, na isipulize kwenye maiki. Maji: watu 300 kwa nusu lita ni lita 150, yaani madumu 8 ya lita 18.9. Yake yawe chupa iliyofungwa, pembeni yake, aifikie bila kuomba.

Mambo ya kuuliza familia mapema, na aulize mtu mmoja tu: ana dawa za saa ngapi, anakula saa ngapi, ana presha au kisukari? Anayetumia dawa za kisukari akicheleweshewa chakula sukari inaweza kushuka. Utaona jasho jingi, mikono inatetemeka, maneno yanachanganyika. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpeni soda ya kawaida mililita 150 hadi 200, siyo ile isiyo na sukari, halafu chakula. Kama hajitambui, msimtie chochote mdomoni, hospitali moja kwa moja. Kwa hiyo gari na dereva wawepo uani muda wote.

Asisalimiane kwa mkono na watu 300. Vidole vya wazee vinauma, na vijana wetu wakifurahi hawapimi nguvu. MC aseme tu kwamba mzee tutamsalimia kwa kumpungia, wote kwa pamoja.

Choo kiwe cha kukaa, ufunguo awe nao mhudumu anayejulikana. Na usafiri: mwendokasi hapana, bajaji hapana. Gari ya kiti cha mbele kilicho usawa wa nyonga, kisiwe cha chini sana wala cha kupandia. Dereva aliyemleta ndiye amrudishe.

---

Kalamu ya Michezo

Msimpe maiki mkasema "mzee, tueleze maisha yako". Mtu aliyekimbia miaka mingi hajui aanzie wapi, ataanza utotoni na muda utaisha hajafika uwanjani. Mhojini. Vijana wawili, wa kike na wa kiume, maswali manane, ayapate siku tatu kabla.

Maswali yawe ya vitu vinavyoshikika. Asubuhi ya mashindano ulikula nini? Viatu vya kwanza ulivipata wapi? Uliomba kabla ya kusimama kwenye mstari au baada ya kumaliza, na ulisema maneno gani? Siku uliyoshindwa, jioni yake ulifanya nini? Swali kama "imani imekusaidiaje maishani" halina mpini, litapata jibu ambalo kila mtu amelisikia. Muulize ya ombi la mstarini, imani itakuja yenyewe.

Wasifu wake andikeni nusu ukurasa, mbio, mwaka, mji na muda, kisha mpelekeeni familia wahakiki. Ma-MC wetu huchanganya wakongwe, nalo ni kosa linaloumiza. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, kwa 3:32.16. Hiyo ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, siyo Olimpiki. Aliongoza tangu mwanzo, na John Walker wa New Zealand aliyekuwa wa pili kwa 3:32.52 naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani. Medali yake ya Olimpiki ni ya fedha, Moscow 1980, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Michezo ileile Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5,000. John Stephen Akhwari hakupata medali kwenye Olimpiki ya Mexico 1968. Aliumia goti, akamaliza marathoni wa mwisho, wa 57, kwa 3:25:27, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda kwa 2:20:26. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York 1989 kwa 2:08:01. Mzee akipewa sifa ya mwenzake itabidi asahihishe mbele ya watu, na mwanzo mzuri umeshaharibika.

Kama kuna uwanja karibu, pimeni mita 100 kwa tepu, chokaa mwanzo na mwisho. Muda ule wa Bayi kule Christchurch ni sawa na mita 100 kwa sekunde 14.1, mara 15 bila kupumzika. Kijana wenu mwepesi akimbie mara moja, mzee ashike saa ya kuhesabia sekunde. Kijana akifika anahema, mwambieni bado kumi na nne. Hapo hata mtoto wa darasa la pili anaelewa mzee huyu na wenzake walifanya nini, na mzee mwenyewe akishika saa ile mkononi anarudi uwanjani.

---

Abuu Swafiya

Amani iwe kwenu. Aliyevaa jezi ya taifa ni wa mtaa mzima, na hapo jirani na kanisa lenu lazima kuna watoto wa madrasa watakaochungulia ukutani. Hilo wazo la uwanjani ndilo mlango wao.

Jumapili alasiri inaswaliwa kuanzia saa 9:45 hivi, na magharibi hapa Dar huangukia kati ya saa 12:10 na 12:50 kutegemea mwezi. Mkienda uwanjani baada ya saa 11 na kumaliza kabla ya saa 12 kasoro robo, hakuna aliyebanwa. Mwandikieni mwalimu wa madrasa, mwambieni wazi kabisa: ndani ya ukumbi ni mazungumzo ya imani ya Kikristo, nje ni mbio na salamu. Mzazi achague. Mambo huharibika pale mtoto anapoalikwa kwenye mbio akajikuta kwenye mahubiri, na hata mwenye nia njema huonekana amevizia. Kama pilau itafika mpaka uwanjani, nyama ichinjwe na Mwislamu, na hilo lijulikane.

Kuhusu saini kuna mfano wa Muhammad Ali, aliyefika hapa Dar Februari 1980. Baada ya kuacha ndondi alikuwa na desturi ya kusaini vijikaratasi vya dini yake mapema, kwa wingi, kisha anavigawa, kwa sababu mtu hatupi karatasi yenye saini ya Ali. Aliendelea hivyo hata Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, ilipomshika mikono. Watoto aliwafanyia kiinimacho cha leso, na akimaliza huwaonyesha siri yake, maana aliona dini yake hairuhusu kumdanganya mtu.

Fanyeni hivyohivyo: chapisheni kadi ngumu za ukubwa wa robo ya A4, upande mmoja picha yake akikimbia, upande wa pili mstari wa Biblia anaouchagua yeye. Mpelekeeni nyumbani wiki mbili kabla pamoja na kalamu nene ya wino, siyo nyembamba, kalamu nene haihitaji kubanwa. Zisizidi 100, asaini kumi kumi kwa siku. Siku ya siku zigawiwe watoto tu, na walimu wao. Mezani asisaini hata moja.

---

Katibu_Vijana

Asanteni sana, kamati imekaa leo na ratiba tumeibomoa yote. Chakula saa 8. Mzee anafika 9:30, pambio dakika 10, mahojiano 35, maswali ya watoto 15, sala. Saa 10:35 anapumzika ofisini kwa mchungaji na chai. Saa 10:45 picha kwa makundi, kabla ya mbio ili watoto wawe bado safi. Saa 11:10 uwanjani, 11:40 anapanda gari. Barua ya madrasa nimeipeleka mwenyewe, na ofisi ya serikali ya mtaa wamepewa taarifa.

Yamebaki mawili. Bahasha yake tumpe lini? Na kuna ndugu zetu ambao najua watamfuata na vizinga vya kuomba pesa, na wengine kwa nia njema kabisa watataka kuombewa mmoja mmoja.

---

Mratibu wa Tandika

Bahasha isipite jukwaani wala isitangazwe. Yenye mafuta ya gari apewe mwanafamilia anayefuatana naye, tena kabla ya shughuli, asije akawaza ataondokaje. Ya shukrani mchungaji ampe mzee mwenyewe ofisini wakati wa chai, mlango umefungwa. Zawadi iwe ya kutumika nyumbani: mchele kilo 10, doti ya kanga kwa mama. Picha kubwa za fremu amepewa nyingi, hana ukuta wa kuzitundika.

Vizinga: mzee mmoja wa kanisa akae kushoto kwake muda wote na daftari. Mwenye shida anaandikwa jina na namba, anaambiwa kwa upole kwamba mchungaji atampigia Jumatatu, na Jumatatu apigiwe kweli. Karatasi na bahasha za watu zisifike mkononi mwa mzee, zipokewe na huyohuyo.

Kuombewa ni kugumu zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe atataka kumwombea kila mtu. Ongeeni naye kabla, kwa heshima, mkubaliane aombe mara moja kwa wote mwishoni mwa mazungumzo, wagonjwa wakiwa wamekaa safu ya mbele ili awaone. Wanaobaki waombewe na mchungaji na wazee wa kanisa ukumbini wakati ninyi mnaenda uwanjani.

---

Muuguzi Mbezi

Nyongeza ndogo, Katibu. Kutoka ukumbini mpaka uwanjani ni hatua ngapi? Kama zinazidi 200, apelekwe na gari hata kama atasema anaweza kutembea. Atasema hivyo, ni mkimbiaji. Na kiti chake kitangulie uwanjani, kikae kivulini upande wa mstari wa mwisho, jua la saa 11 likiwa mgongoni kwake, aione saa vizuri.